Demani yaingia: Jinsi Septemba inavyobadili maisha ya mji wa Lamu

IFIKAPO Septemba, wazee wanaokaa barazani katika mji wa kale wa Lamu huacha kutazama saa na kuanza kutazama bendera za mashua zilizotia nanga mbele ya mji. Kwa muda wa miezi mitano bendera hizo zimekuwa zikipepea upande mmoja, zikisukumwa na upepo wa kusi. Sasa asubuhi hulala, adhuhuri huinuka kidogo, na jioni huenda zikageukia upande ambao haukutarajiwa.

Kwa mgeni, hayo ni mambo madogo. Kwa mvuvi, fundi wa vyombo, mchuuzi wa samaki na mzazi anayetafuta karo ya muhula wa tatu, hiyo ni habari kubwa kuliko nyingi zinazotangazwa redioni. Maana yake ni kwamba bahari inafunguka.

Kipindi hicho watu wa pwani wamekiita demani tangu jadi. Ni mkia wa msimu wa kusi, unaoanza mwishoni mwa Agosti na kuendelea hadi mwanzo wa Novemba, kabla ya upepo wa kaskazi kushika hatamu. Ni wakati mfupi, lakini mengi yanayoamua iwapo nyumba itashiba au italala njaa hupangwa ndani yake.

Si majani yanayoanguka

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, Septemba ni mwanzo wa majira ambayo vitabu vya shule huyaita vuli: majani hubadilika rangi na kuanguka, na baridi huanza kubisha hodi. Mwanafunzi wa Lamu anayesoma maelezo hayo huenda akachanganyikiwa, kwa kuwa vuli anayoijua yeye ni mvua. Ni zile mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, zinazotofautishwa na masika, mvua kubwa za kati ya Machi na Juni.

Pwani ya Afrika Mashariki haina majira manne ya Kizungu. Hapa mwaka hugawanywa kwa upepo na mvua. Kaskazi huleta joto na anga jeupe tangu Desemba hadi Machi. Masika hufuata, pamoja na mwanzo wa kusi. Kisha huja kipupwe, miezi ya ubaridi ya Juni, Julai na Agosti ambapo kusi huwa na nguvu zake zote. Demani hufunga mlango wa kipupwe, na vuli hufungua mlango wa kaskazi.

Hata hivyo, kuna kamba inayoifunga Septemba ya Lamu na ile ya mbali. Baridi inapoanza Ulaya na Asia, ndege wengi wa ufuoni huondoka huko na kusafiri maelfu ya kilomita hadi pwani ya Kenya. Mwezi huo huanza kuonekana kwa makundi kwenye matope na fungu za mchanga maji yanapokupwa, wakidonoa vijidudu. Wengi wao hukaa hadi karibu na Aprili ndipo wakarudi kaskazini kutaga mayai.

Wakati ndege hao wanaingia, nyangumi wa nundu wanajiandaa kutoka. Wanyama hao wakubwa huja kutoka bahari za baridi karibu na ncha ya kusini ya dunia na huonekana katika maji ya Kenya kati ya Julai na Oktoba, wengine wakiwa na watoto wao. Mabaharia wanaovuka kati ya Watamu na Lamu katika siku za demani huwaona wakipuliza maji kwa mbali wakielekea kusini.

Kwa nini upepo hugeuka

Sababu ya mabadiliko haya iko mbali na Lamu. Kati ya Juni na Agosti, jua huichoma nchi kavu ya Asia. Hewa ya huko hupata joto, hupaa na kuacha upungufu ambao hewa ya kutoka Bahari ya Hindi ya kusini hukimbilia kuujaza. Hewa hiyo inapopita pwani ya Kenya ndiyo huitwa kusi.

Mnamo tarehe 22 au 23 Septemba, jua huvuka mstari wa ikweta likielekea kusini. Kwa kuwa mji wa Lamu uko kusini kidogo tu mwa ikweta, siku chache baadaye, mwisho wa mwezi, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa na mtu aliyesimama wima hukanyaga kivuli chake. Asia nayo huanza kupoa, na nguvu iliyokuwa ikiivuta kusi hupungua siku baada ya siku.

Matokeo yake ni kipindi ambacho hakuna upepo unaotawala. Alfajiri bahari huwa shwari kama maziwa ndani ya bakuli. Umande, yaani upepo mwanana wa kutoka nchi kavu, husaidia mashua kutoka. Matlai hutokea mashariki kukipambazuka. Na jioni upepo wa bahari huwarudisha wavuvi nyumbani. Mabaharia huuita wakati kama huu, unaotokea mara mbili kwa mwaka kati ya pepo mbili kuu, tanga mbili au malelezi.

Zama za biashara ya majahazi, demani ilikuwa na kazi nyingine. Vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi viliingia Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi, vikiwa na tende, samaki wa chumvi, mazulia na vyombo vya udongo, na vikaondoka kwa kusi vikiwa na boriti za mikoko, nafaka na pembe. Lakini nahodha mwenye busara hakuondoka katikati ya kusi, kwani wakati huo bahari ya Uarabuni huchafuka vibaya. Aling'oa nanga mapema, mwanzoni mwa kusi, au akangoja hadi demani. Aliyekosa nafasi hiyo ya pili alilazimika kukaa pwani hadi mwaka uliofuata, na si wachache waliooa na kubaki moja kwa moja.

Kalenda ya miongo

Hesabu ya mambo haya haikufuata Januari na Februari. Wala haikufuata mwezi mwandamo peke yake, kwa sababu mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11, hivyo mwezi mmoja hupita katika kusi na kaskazi kwa zamu. Kwa ibada hesabu hiyo inatosha. Kwa safari na kilimo haitoshi.

Kwa sababu hiyo Waswahili walitumia pia mwaka wa jua unaoanza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo katika zama zetu huangukia mwezi Julai. Ni siku ile ile inayosherehekewa kwa shangwe Makunduchi, Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa. Mwaka huo una siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumikumi, pamoja na siku tano za ziada zinazoitwa gatha.

Nahodha wa zamani hakusema atasafiri Septemba. Alisema atasafiri mwongo fulani. Ikiwa Nairuzi imeangukia wiki ya mwisho ya Julai, Septemba hutumbukia katika mwongo wa nne, wa tano, wa sita na wa saba, na kila mwongo ulikuwa na sifa zake: upepo wake, samaki wake na mbegu zake. Vijana wengi wa leo wanategemea simu, lakini bado wapo wazee katika Lamu, Siyu na Pate wanaoweza kuhesabu miongo kwa vidole.

Deni la kusi

Ili kuelewa furaha ya demani, ni lazima kufahamu dhiki inayoitangulia.

Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi nje ya miamba huwa makubwa mno kwa mashua ndogo za tanga na mitumbwi, na vyombo vingi vya wavuvi wa Lamu ni vya aina hiyo. Wenye mashine kubwa na vyombo vya faiba huweza kuthubutu. Wengine hubaki ndani ya hori na mikondo iliyojikinga, wakitega malema, wakitupa kimia au wakivua kwa mshipi. Mapato hupungua kwa kiasi kikubwa.

Samaki wanapoadimika, bei hupanda sokoni, na kitoweo cha nyumba nyingi huwa papa mkavu na ng'onda waliohifadhiwa tangu kaskazi. Duka la mtaani huandika daftari. Tajiri wa samaki hukopesha nyavu, barafu na mafuta, kwa sharti kwamba samaki wote watakaopatikana watauzwa kwake kwa bei atakayoitaja yeye. Hapo ndipo mvuvi hujikuta anaingia demani akiwa na bahari shwari mbele yake na deni mgongoni.

Muhula wa tatu wa shule nao hufunguliwa wakati huo huo, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na ndio muhula wa mitihani ya kitaifa. Mzazi hawezi kumweleza mwalimu mkuu kwamba karo inangoja upepo. Ndiyo maana wiki za kwanza za demani huvuliwa kwa pupa: kila siku ya bahari nzuri inayopotea ni siku ya deni kuongezeka.

Pupa hiyo ina hatari zake. Kusi haliagi kwa siku moja. Huweza kulala siku tatu na kuamka ghafla siku ya nne, na mashua iliyokwenda mbali kwa kuamini utulivu wa asubuhi hukutwa na mawimbi jioni kwenye milango ya bahari ambapo mkondo wa maji kupwa hupambana na upepo. Mnamo Agosti 2017, boti iliyokuwa ikitoka Kizingitini kuelekea kisiwa cha Lamu ilizama na kuangamiza watu kadhaa wa jamaa moja. Ajali hiyo ingali katika kumbukumbu za wakazi wa visiwa hivi, ambao hawana njia nyingine ya kwenda hospitalini, sokoni au harusini isipokuwa bahari.

Maji ya bamvua na kazi ya mafundi

Kabla ya chombo kwenda kilindini, sharti kitengenezwe. Na hapa pia Septemba ina msaada wake.

Kila mwezi mchanga na kila mwezi mpevu huja na bamvua, maji makuu yanayojaa sana na kukupwa sana. Kati ya bamvua moja na nyingine huwa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Lakini jua linapokuwa sambamba na ikweta, mwezi Machi na Septemba, nguvu ya jua na ya mwezi huvuta bahari kwa pamoja zaidi, na bamvua za wakati huo huwa kubwa kuliko za miezi mingine.

Fundi hutumia nafasi hiyo. Chombo huletwa na maji yanapojaa hadi juu kabisa ya ufuo, hushikiliwa kwa magadi kisianguke, na maji yanapokupwa hubaki kikiwa wazi hadi mkuku. Mabaharia hukwangua kombe na majani ya bahari yaliyoota ubavuni. Mafundi hukagua mbao, huondoa zilizooza na kutia kalafati, yaani kushindilia pamba iliyolowekwa mafuta katika maungio ili maji yasipenye. Kisha chombo hupakwa sifa, mafuta ya papa, juu ya mbao zinazopigwa na jua, na deheni chini ya maji ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao.

Kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, ndicho kilichosifika zaidi kwa kazi hii. Huko mashua na majahazi huundwa bila mchoro wa karatasi. Vipimo viko kichwani mwa fundi na katika urefu wa mkono wake. Mataruma, mbavu za chombo, huchongwa kutoka kwa miti yenye mpindo wa asili kama vile mlilana, mmojawapo wa miti ya mikoko. Lamu ina zaidi ya nusu ya misitu yote ya mikoko ya Kenya, na ukataji wake husimamiwa kwa leseni.

Wanawake wa Matondoni nao hawakai bure. Majira haya makavu kabla ya vuli ndiyo mazuri ya kuanika ukindu na kusuka mikeka, vikapu na majamvi. Katika nyumba ambayo mume yuko baharini au hana chombo, mkeka ndio unaonunua unga.

Kutoka kwenda kilindini

Bahari inapotulia, mashua huanza kuvuka miamba. Nguru, jodari na kolekole, ambao kwa miezi kadhaa walionekana mara mojamoja, hurejea sokoni. Wavuvi wa Kizingitini na vijiji vya jirani katika kisiwa cha Pate hupiga mbizi kutafuta kamba wa mawe, ambao maji yanapoacha kuwa na vumbi la mchanga huonekana kwa urahisi. Kamba hao huuzwa wakiwa hai na husafirishwa hadi Mombasa na kwingineko.

Bamvua za Septemba, ambazo huacha miamba wazi kwa saa kadhaa, huwafaa pia watafutaji wa pweza. Hawa huenda kwa miguu, wakiwa na kijiti au chuma chenye ncha, wakichungulia kila shimo. Kazi hii haihitaji chombo wala mashine, na ndiyo inayowapa wanawake wengi wa visiwani nafasi ya kupata fedha zao wenyewe. Baadhi ya vijiji vya Pate vimejifunza kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa kwa hiari ili pweza wakue, kisha kuifungua kwa siku chache. Pweza hukua haraka sana, na subira ya muda mfupi huongeza uzito wa kapu.

Demani vilevile ndiyo mwanzo wa dago. Kupiga dago ni kuhama na chombo na vifaa, kwenda kukaa ufuoni mbali na nyumbani kwa wiki au miezi, karibu na samaki. Wabajuni wa Pate na Kiwayuu huelekea kaskazini hadi upande wa Kiunga, ambako kuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1979. Wavuvi kutoka Pemba nao wamekuwa wakija pwani ya Kenya kwa vizazi kadhaa msimu wa kaskazi.

Dago hujenga undugu, lakini pia huzua ugomvi. Wenyeji hulalamika kwamba wageni huja na nyavu zinazokomba hata samaki wachanga. Wageni hujibu kwamba bahari haina ua. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila ufuo wa kupakulia samaki unapaswa kuwa na kamati ya wavuvi, maarufu kama BMU, yenye jukumu la kuandikisha vyombo na kusimamia mialo. Kamati inapofanya kazi yake, mgeni hujulishwa masharti kabla ya kutupa nyavu, na ugomvi mwingi huishia hapo hapo mchangani.

Bandari mpya na bahari iliyopungua

Katika miaka ya karibuni, hesabu ya misimu imeingiliwa na jambo ambalo wazee hawakulihesabu katika miongo yao.

Bandari mpya ya Lamu ilijengwa katika Ghuba ya Manda kama sehemu ya mradi mkubwa wa uchukuzi wa LAPSSET, na gati lake la kwanza lilifunguliwa rasmi tarehe 20 Mei 2021. Ili meli kubwa ziweze kuingia, sakafu ya bahari ilichimbwa na mchanga wake kuhamishwa.

Kwa serikali, bandari ni ajira na biashara na nchi jirani. Kwa mvuvi mdogo, swali lilikuwa mahali pa kuvua wakati wa kusi. Ghuba hiyo iliyojikinga, pamoja na mikondo, nyasi za bahari na mikoko inayoizunguka, ilikuwa ghala la akiba: palikuwa mahali ambapo mashua isiyoweza kuvuka miamba mwezi Julai iliweza kupata kitoweo na cha kuuza. Akiba hiyo ikipungua, miezi ya dhiki hurefuka na demani hungojewa kwa uchungu zaidi. Asiyeweza kungoja hutoka kusi lingali kali, na hapo ndipo uhai huwekwa rehani.

Wakazi walikwenda mahakamani. Mnamo 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya mazingira safi na ya kushirikishwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Hukumu hiyo ilipokewa kwa vifijo. Lakini fedha zenyewe zilikawia. Rufaa na mazungumzo yalifuata, ukatolewa pendekezo la kulipa sehemu kwa taslimu na sehemu kwa vifaa vya uvuvi, na miaka kadhaa baada ya hukumu wavuvi walikuwa bado wakidai haki yao.

Pendekezo la vifaa lina mantiki yake katika hesabu ya misimu. Mvuvi aliyenyimwa maji ya karibu hawezi kuokolewa na fedha za mwezi mmoja. Anahitaji chombo kinachoweza kumfikisha kilindini na kumrudisha salama. Lakini chombo kikubwa kinahitaji mafuta, barafu, fundi wa mashine na soko. Vikikosekana hivyo, boti ya faiba hugeuka pambo la ufuoni.

Usalama nao umewahi kufunga bahari hata demani ilipokuwa imeifungua. Mnamo Septemba na Oktoba 2011, wageni walitekwa nyara na watu wenye silaha kutoka Somalia katika maeneo ya Kiwayuu na Manda, na utalii wa Lamu ukaporomoka. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mnamo Juni 2014, amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa, na kwa muda wa miaka kadhaa wavuvi walizuiwa kuvua usiku. Kwa anayetegemea samaki wanaopatikana gizani pekee, katazo hilo lilikuwa sawa na kusi lisilokwisha.

Mfungo Sita ukutanapo na demani

Kwa kuwa mwezi mwandamo huzunguka, kuna miaka ambayo sherehe kubwa kuliko zote za Lamu huangukia katika demani. Ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya 2023, 2024 na 2025, ambapo Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume Muhammad, uliangukia kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Oktoba.

Maulidi ya Lamu hujumuisha watu kutoka pwani nzima ya Kenya, Tanzania, visiwa vya Ngazija na nchi za mbali zaidi. Kitovu chake ni msikiti na chuo cha Riyadha, vilivyoasisiwa na Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija ambaye alifungua milango ya elimu kwa watu wa tabaka zote wakati ambapo nasaba ilikuwa na uzito mkubwa mjini. Maulidi husomwa kwa matari usiku, na mchana hufanyika mashindano ya mashua, kuogelea na mbio za punda.

Maulidi yanapokuwa katika demani, jamaa wa Pate, Ndau na Kiwayuu huweza kuvuka kwa mashua bila hofu kubwa. Wageni wanahitaji kulishwa, na samaki tayari wamerudi. Punda, ambao mjini Lamu ndio hubeba mchanga, mawe, maji na mizigo ya sokoni kwa kuwa vichochoro havipitishi magari, huwa na kazi mara dufu. Zahanati ya punda iliyopo mjini tangu mwaka 1987 hupokea wengi wenye vidonda vya shogi. Wenye nyumba za kulala wageni nao hupata nafasi ya kuziba pengo la miezi ya masika.

Kisimani na shambani

Wakati macho ya wengi yako baharini, wengine hutazama mawingu. Septemba ni mwezi mkavu. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka kwenye visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huyachuja na kuyahifadhi maji ya mvua. Kila nyumba inayojengwa juu ya vilima hivyo hupunguza uwezo wa mchanga kunywa mvua, na kila ndoo inayotekwa kupita kiasi huikaribisha chumvi ya bahari. Ndiyo sababu vilima hivyo vimewekwa chini ya ulinzi wa sheria, na ndiyo sababu migogoro ya ardhi ya Shela inawahusu hata wasiokuwa na kiwanja huko.

Upande wa bara, wakulima hufyeka na kuchoma magugu wakijiandaa kupanda kunde na mahindi ya vuli, ilhali miembe imechanua. Lakini vuli ya Lamu ni haba na haina ahadi. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa magharibi yanapopata joto kuliko upande wa mashariki, mvua hufurika, kama ilivyotokea mwaka 1997, 2019 na 2023. Hali inapogeuka, kama mwaka 2016 na 2022, vuli hukosekana, malisho hukauka na wafugaji hushuka kuelekea pwani na mto Tana.

Idara ya Hali ya Anga hutoa utabiri wa mvua za Oktoba hadi Desemba kabla ya msimu kuanza. Utabiri huo na elimu ya miongo havipingani. Mzee husoma ilivyo desturi ya bahari; mtaalamu husoma mwaka huu unavyokiuka desturi hiyo. Kijana anayenunua mbegu kwa mkopo au anayeamua kupiga dago mbali anahitaji vyote viwili.

Kinachohitajika

Demani ni ya kila mtu, lakini haiwafaidi wote sawasawa. Mwenye jokofu na mashine hufaidi zaidi kuliko mwenye tanga na mshipi. Wakati samaki ni wengi, bei hushuka, na asiye na barafu huuza kwa hasara jioni ile ile. Mambo machache yangebadili hesabu hiyo: barafu ya bei nafuu katika vijiji vya visiwani, si mjini pekee, vyama vya akiba vinavyomkopesha mvuvi mwezi Julai bila kumfunga kwa tajiri mmoja, jaketi za kuokolea maisha zinazovaliwa badala ya kukaliwa, na tahadhari za upepo zinazosomwa kwa lugha ambayo nahodha anaielewa.

Mengine hayahitaji serikali wala mfadhili. Kukagua kalafati kabla ya safari, kumwambia jirani unakokwenda na siku utakayorudi, na kutopakia abiria kupita kiasi kwa sababu bahari inaonekana njema, ni mambo ambayo wahenga waliyafanya bila kuandikiwa sheria. Walikuwa na usemi kwamba usisafirie nyota ya mwenzio, wakimaanisha kwamba chombo kilichofika salama jana si hoja ya chombo chako leo.

Ifikapo Novemba, bendera za mashua mbele ya mji wa Lamu zitakuwa zimegeuka kabisa. Kaskazi litakuwa limeingia, na mashua zitakuwa zikifanya mazoezi ya mashindano ya mwisho wa mwaka. Katika nyumba nyingi, hata hivyo, mwaka utakuwa umekwisha kuamuliwa wiki kadhaa mapema, katika zile asubuhi tulivu za Septemba ambapo mashua hutoka gizani, mwanga wa kwanza ukiwa bado haujagusa minara ya misikiti.